Moyo Hautibiwi kwa Kukisia

Mzee mmoja wa Buzebazeba, mfanyabiashara wa dagaa aliyesifika mtaani kwetu kwa uaminifu wa mizani yake, alipanda treni na magunia yake akaenda kuuza katika mji ulio mbali na Kigoma, kama alivyokuwa akifanya kwa miaka mingi. Usiku wa tatu wa safari hiyo alibanwa kifua, jasho likamtiririka, na mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Mpwa wake aliyefuatana naye alimfikisha hospitalini kabla ya mapambazuko.

Walimpokea vizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu sina nia ya kuwasingizia watu waliokesha wakimhudumia. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba sehemu ya msuli wa moyo wake imekosa damu. Daktari aliagiza damu ipimwe, na hasa potasiamu, kwa kuwa mzee alikuwa na presha na kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza vidonge vya kukojoza maji. Maabara ikajibu kwamba mashine ipo, ni nzima na taa yake inawaka, ila kitendanishi kimekwisha tangu wiki mbili zilizopita. Basi damu ikatiwa mfukoni mwa kijana wa bodaboda ikapelekwa kwenye maabara ya mtu binafsi, jua la saa sita likiwa utosini. Jibu lililorudi lilikuwa 6.9. Daktari alitikisa kichwa, kwa maana kiasi hicho ni cha kumwangusha mtu papo hapo, na mchoro wa umeme wa moyo haukuonyesha dalili hata moja ya jambo hilo. Akaamuru damu itolewe upya. Damu ya pili ilipokuwa njiani, moyo wa mzee ulianza kutetemeka ovyo, kisha ukasimama.

Je, angepona kama jibu la kweli lingepatikana mapema? Hakuna awezaye kuapa. Lakini karatasi ya maabara ya hospitali ile nimeiona kwa macho yangu. Pameandikwa potasiamu, na mbele yake pamechorwa kistari. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana kistari hicho kimo katika karatasi za hospitali nyingine nyingi, na aibu yake ni yetu sote.

Hoja ninayoileta leo ni hii: mgonjwa wa moyo asiyejulikana kiwango chake cha potasiamu hajatibiwa, amebahatishiwa. Na taifa linalonunua mashine, likaizindua kwa hotuba na utepe, kisha likaiacha bila vitendanishi, limenunua samani.

Najua watakaocheka. Wapo miongoni mwetu watu wenye elimu yao ambao bado wameshikilia kwamba mshtuko wa moyo ni maradhi ya wakubwa, ya watu wa vitambi na magari, na kwamba mwandishi anayewazungumzia wachuuzi wa dagaa na potasiamu katika mkoa wenye malaria amepotea njia. Kasumba hii ni ya hatari kwa kuwa inajifanya huruma kwa maskini. Mwishoni mwa miaka ya 2010 watafiti walikaa katika idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, Moshi, wakawafuatilia wagonjwa 681 waliofika wakilalamikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Wagonjwa 152, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, walikutwa na ugonjwa wa ghafla wa mishipa ya moyo. Kwa wastani walikuwa wamekaa na dalili siku kadhaa kabla ya kufika. Waliopewa aspirini pale idarani hawakufika robo yao, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hakupewa hata mmoja. Zilipotimia siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Hiyo ni hospitali kubwa ya rufaa, yenye walimu na wanafunzi wa udaktari. Msomaji na ajiulize mwenyewe kuhusu zahanati iliyo mwambao wa ziwa, ambako mgonjwa hufikishwa kwa mtumbwi. Tena uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kama mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Hao wote si wakubwa. Wamo wabeba mizigo wa bandarini Kigoma, wamo akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, na wamo wazee wa Ujiji wanaokunywa kahawa chini ya miembe na kuambiana kwamba kichwa kinachogonga kila asubuhi ni uzee tu.

Sasa potasiamu ni kitu gani hata tuigombanie? Ni chumvi, ila si ile ya Uvinza. Bibi zetu katika sehemu nyingi za nchi za Maziwa Makuu walikuwa wakichoma mimea, wakayachuja majivu yake kwa maji na kupata chumvi ya kuungia mboga. Chumvi ya namna hiyo ina potasiamu tele. Mwingereza Humphry Davy alipoitenga kwa umeme mwaka 1807 aliitoa katika magadi yatokanayo na majivu, na hata alama yake ya kisayansi, K, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya majivu ya mmea. Watu wa mwambao wetu wameinywa bila kuijua jina. Kila lita ya maji yenye chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji mwilini, ile wanayopewa wagonjwa wa kipindupindu, ina gramu moja na nusu ya kloridi ya potasiamu. Mwaka 2015, kipindupindu kilipowaangukia wakimbizi kutoka Burundi waliojazana Kagunga, watu wengi waliokolewa na maji hayo na dripu, na kilichorudishwa miilini mwao hakikuwa maji matupu.

Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98 hivi, imo ndani ya chembehai. Kilichomo katika maji ya damu ni kidogo mno: kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Lakini kidogo hicho ndicho kishikacho mapigo ya moyo. Kila pigo ni mfereji wa umeme unaofunguka na kufungwa, na potasiamu inayotoka na kuingia katika chembehai ndiyo inayourudisha msuli katika utulivu ili uwe tayari kwa pigo lijalo. Ikipungua sana, chembehai za moyo huwashwawashwa na kupiga kila moja kwa wakati wake. Ikizidi sana, umeme huzubaa njiani na moyo husimama. Mtu apatwapo na mshtuko wa moyo mambo haya huvurugika kwa pamoja. Mwili humwaga adrenalini, na adrenalini huisukuma potasiamu kutoka damuni kwenda ndani ya chembehai. Wakati huohuo ule msuli uliokosa damu huivujisha yake nje, pale pale ulipo. Mgonjwa akiwa pia anakunywa vidonge vya kukojoza maji, basi alikwisha kuipoteza kwa mkojo hata kabla ya usiku wa balaa. Figo zake zikiwa zimechoka kwa sababu ya presha ya miaka mingi, huenda mambo yakawa kinyume kabisa na potasiamu ikawa imejaa. Watu wawili walale vitanda vya jirani, wenye maumivu yaleyale na umri uleule, mmoja akahitaji kuongezewa na mwingine akauawa na nyongeza hiyohiyo. Kwa kuwatazama usoni huwezi kuwatofautisha.

Hapa ndipo ningependa msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu historia ya jambo hili ina funzo kwa sisi tuliozoea kupokea vitabu vya wenzetu kama maandiko matakatifu.

Mwaka 1962 daktari wa Mexico, Demetrio Sodi-Pallares, alitangaza tiba ya mshtuko wa moyo kwa dripu ya sukari, insulini na potasiamu. Ilikuwa na mantiki nzuri na bei yake ilikuwa ndogo, na kwa zaidi ya miaka 40 madaktari wa mabara mbalimbali waliisifu na kuibishania. Hatimaye mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 20,201, wengi wao wa nchi za Asia na Amerika ya Kusini. Waliotiwa dripu na wasiotiwa walikufa kwa idadi ileile. Miaka 40 ya mabishano iliishia hapo.

Sambamba na hilo ilikuwapo amri nyingine: kwamba potasiamu ya mgonjwa wa mshtuko wa moyo isiachwe kushuka chini ya 4.0, na kwamba ikifika 4.5 au 5.0 ni heri zaidi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2004 uliitaja 4.0 kuwa ndiyo mpaka, na vitabu vikanakiliana. Amri hiyo ilitokana na tafiti ndogo za zamani, za wakati ambapo dawa za kupunguza kasi ya moyo na njia za kuzibua mishipa hazijawa kawaida. Na tafiti nyingi kati ya hizo zilihesabu mitetemeko ya moyo tu, hazikuhesabu vifo. Mwaka 2012 daktari Abhinav Goyal wa Chuo Kikuu cha Emory, pamoja na wenzake, walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 38,689 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo katika hospitali 67 za Marekani kati ya mwaka 2000 na 2008. Waliokuwa na potasiamu kati ya 3.5 na 4.0 walikufa asilimia 4.8. Waliokuwa kati ya 4.0 na 4.5 walikufa asilimia 5.0, ambayo ni sawa tu na hiyo ya kwanza. Lakini waliokuwa kati ya 4.5 na 5.0, pale ambapo vitabu viliwaita wagonjwa wawe, walikufa asilimia 10. Na mitetemeko ya kuua iliongezeka tu kwa walioshuka chini ya 3.0 au kupanda kufikia 5.0 na zaidi.

Basi fikirini ni wagonjwa wangapi duniani, wenye 3.8 yao salama, waliotundikiwa chupa ya potasiamu kwa sababu kitabu kilisema 3.8 ni upungufu.

Haki inanilazimu kusema kwamba kumbukumbu si jaribio. Mtu mwenye potasiamu ya juu huenda tayari alikuwa na figo mbovu na moyo dhaifu, na ingawa watafiti walizingatia hayo katika hesabu zao na tofauti ikabaki, hawakudai kwamba wamethibitisha chanzo. Na mabishano hayajaisha. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la Uingereza na Ujerumani kwa watu 1,690 waliopasuliwa moyo: kungoja mpaka potasiamu ishuke chini ya 3.6 ndipo iongezwe hakukuleta mapigo ya ovyo zaidi kuliko kukimbilia kuiongeza kila iliposhuka chini ya 4.5. Mwaka 2025 Wadenmark nao wakaja na jaribio la watu 1,200 waliopandikizwa kifuani mashine ndogo ya kuushtua moyo. Hao walipopandishwa kwa makusudi hadi kati ya 4.5 na 5.0 walipatwa na mambo mabaya kidogo kuliko wenzao, asilimia 22.7 dhidi ya 29.2. Wagonjwa wa Denmark hawakuwa katika saa za kwanza za mshtuko wa moyo, na waliopasuliwa si sawa na mzee wetu wa Buzebazeba. Kila kundi lina mpaka wake.

Ndiyo maana nawashangaa wale madaktari vijana, baadhi yao rafiki zangu wa Chuo Kikuu, wanaoweza kubishana kutwa nzima kama mpaka uwe 3.5 au 4.0, katika hospitali ambayo haijapima potasiamu ya mtu kwa wiki mbili. Wadenmark waliwapandisha wagonjwa wao kwa kuwapima, kuwabadilishia dawa na kuwapima tena, hadi walipofika. Waingereza waliweza kungoja kwa utulivu kwa sababu walikuwa wakipima mara kwa mara. Wamarekani waliweza kuvitilia shaka vitabu vyao kwa sababu kila mgonjwa katika wale elfu 38 alikuwa na namba yake imeandikwa. Sisi tumeazima mabishano yao tukaiacha mashine.

Tena tumeazima dawa zao. Vidonge vya kukojoza maji, furosemidi ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix pamoja na ndugu zake, ni dawa nzuri na zimeokoa watu wengi. Lakini katika maduka yetu ya dawa mtu huvinunua kwa kuonyesha pakiti tupu ya jirani. Anavimeza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, na damu yake haijapata kutazamwa na mtu. Akilalamika kwamba miguu inalegea na misuli inabana usiku, anaambiwa ale ndizi. Ndizi ni chakula kizuri, na maharage, mihogo na viazi vyetu vina potasiamu ya kutosha. Nami sina ugomvi na mkungu wa ndizi. Ila ndizi haiwezi kumwambia mtu kama amepungukiwa au amezidisha, na yule ambaye figo zake zimeharibika anaweza kudhurika kwa kushauriwa ale zaidi. Vidonge vya potasiamu navyo visinunuliwe kwa kushauriana barazani. Dawa hiyo ikisukumwa mshipani kwa haraka husimamisha moyo, na kila muuguzi aliyefundishwa analijua hilo.

Turudi kwenye ile 6.9 iliyomtatiza daktari. Haikuwa uongo wa maabara ya mtu binafsi. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu. Zikipasuka ndani ya chupa, potasiamu yote humwagika na mashine huihesabu kana kwamba ilikuwa damuni. Hupasuka kwa sindano nyembamba inayovutwa kwa nguvu, na kwa kutikiswa njiani juu ya pikipiki. Mgonjwa akifungwa mpira mkononi muda mrefu huku akikunja na kukunjua ngumi, namba hupanda. Damu ikikaa saa nyingi bila kutenganishwa, namba hupanda. Na anayedhani ameikinga kwa kuilaza juu ya barafu amekosea pia, kwani baridi huifanya potasiamu ivuje hata bila chembe kupasuka. Kwa hiyo kipimo hiki hakisafirishwi kama barua. Kinatakiwa kuwa pale pale alipo mgonjwa, na kinatakiwa kuwa mikononi mwa mteknolojia wa maabara aliyefunzwa kuyatambua maji ya damu yaliyogeuka wekundu na kuyakataa. Mchoro wa umeme wa moyo humsaidia daktari kushuku. Hauwezi kumpa namba.

Wakubwa wa idara watasema fedha hazitoshi. Hebu tutazame fedha zenyewe zinavyokwenda. Mashine nyingi za kupimia chumvichumvi za damu zimeundwa zisikubali kitendanishi chochote isipokuwa cha kiwanda kilekile kilichoziunda. Hospitali hupewa mashine kwa bei ya kirafiki, au hata bure, kisha hufungwa kamba shingoni: bei ya kitendanishi ni ya mwenye mashine, siku ya kukileta ni ya mwenye mashine, na fundi ni wa mwenye mashine. Meli ikichelewa, wagonjwa wangoje. Tukiusikia ukoloni wa namna hiyo katika kahawa au pamba hupiga kelele, lakini katika maabara tunauita msaada na kuupigia makofi. Mkataba wa mashine usiokuwa na kiasi cha vitendanishi, bei zake kwa miaka kadhaa na adhabu ya kuchelewesha usitiwe sahihi na mtu anayelipwa kwa fedha ya umma.

Wapo pia watakaoniambia kwamba tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, yenye wataalamu wanaozibua mishipa ya moyo hapa hapa nchini badala ya mgonjwa kupelekwa India. Ni kweli, nami naionea fahari. Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na moyo unaotetemeka huua kwa dakika. Taasisi ile itamfaa mgonjwa wa Buzebazeba aliyevuka usiku wa kwanza, na usiku huo huvukwa Kigoma.

Na asije mtu akasema kwamba mambo haya ni mazito mno kwa wananchi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vyao kuzunguka redio, wakajadili mbu, vyoo na maji, kisha wakashika majembe. Watu walioweza kukielewa kijidudu wasichoweza kukiona wanaweza kuelewa kwamba anayekunywa vidonge vya kukojoza maji anastahili kupimwa damu kabla ya kuanza, tena wiki chache baadaye, na baada ya hapo mara kwa mara. Muuza duka la dawa naye anaweza kuelewa, akitaka.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha huduma kinapojadiliwa, kipimo cha potasiamu kisiachwe kiwe anasa ya mwenye nacho, kwa sababu mgonjwa aliyelipia kadi yake akaambiwa kitendanishi kimekwisha amelipia karatasi. Lakini hatuna haja ya kuisubiri Dodoma kwa kila jambo. Madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji hukaa vikao, na vikao hivyo hupokea taarifa za afya zenye idadi ya vitanda, ya majengo na ya magari. Naomba diwani mmoja, awe wa Buzebazeba au wa kata yoyote nyingine, asimame katika kikao kijacho na kuuliza swali hili, kisha asikae mpaka lijibiwe kwa namba: katika siku 365 zilizopita, ni siku ngapi ambazo kila hospitali na kila kituo cha afya katika manispaa hii kiliweza kumpima potasiamu mgonjwa aliyeletwa usiku?